Ardis Aliyeuliza Mara Moja

Kazi ya Ardis Kvam ilikuwa kupiga simu ambazo hakuna mtu anayefurahi kuzipokea. Katika mji wa Halden, kaskazini kabisa mwa Minnesota, mwanamume akimpiga mkewe hakai jela mpaka aoze. Anakaa miezi kadhaa, kisha jaji anamtoa akamalizie adhabu yake uraiani, chini ya jicho la afisa wa probesheni. Na akishatoka, utadhani ni bwana harusi: ana afisa wake, ana wakili wake, ana mshauri wa kumwachisha pombe, na kila Jumanne ana darasa la kujifunza kuzuia hasira, kahawa na keki juu. Aliyepigwa ana nani? Ana Ardis. Ardis peke yake, na simu yake, na meza iliyobanwa kati ya mashine ya fotokopi na mlango wa choo cha wanaume.

Kwenye karatasi cheo chake kiliitwa mtetezi wa waathirika. Mwenyewe akiulizwa dukani anafanya kazi gani, alijibu, "Nipo ofisi za kaunti," akageuza mazungumzo yakawa ya theluji. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mpana wa mabega, mtoto wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, hajaolewa, na sauti ya chini ambayo watu waliiamini upesi. Miaka kumi na tisa alikuwa akisema maneno yale yale: "Naitwa Ardis, napiga kutoka kaunti. Anatoka Alhamisi. Atakaa kwa kaka yake, ng'ambo ya mto. Atafungwa kifaa mguuni. Sasa niambie, ni wapi hutaki akanyage?"

Hapo ndipo ilipotoka karatasi ya njano. Ilikuwa na mistari minne: nyumbani, kazini, shule ya watoto, na penginepo. Mahali palipoandikwa, yule bwana akipakaribia tu, kifaa kinalia ofisini na anarudishwa ndani siku hiyo hiyo. Mahali ambapo hapakuandikwa, anaingia kama mtu mwingine yeyote, anapiga miluzi akitaka. Jaji akishatia sahihi, kuongeza hata neno moja ni mpaka kurudi mahakamani. Kwa hiyo ile simu moja ilikuwa na uzito wake, na Ardis aliujua.

Na aliijua kazi, msimdhanie vibaya. Alijua nani apigiwe asubuhi na nani asipigiwe kabisa bali aandikiwe barua kwa anwani ya dada yake. Wanawake walipoitwa mahakamani alikwenda nao, akaketi upande ule alikokaa mwanamume, akajipanua na koti lake kubwa la sufu hadi mwanamume asionekane. Mmoja aliwahi kumwambia, "Ardis, wewe ni ukuta," naye alitembea na sifa hiyo wiki nzima bila kumwambia mtu.

Ikaja zamu ya LaVonne Steig. LaVonne alikuwa na miaka sitini na mmoja, mwembamba, mpole mpaka anakera. Asubuhi alipanga vitabu maktaba ya mji. Lakini maktaba ilikuwa ya kumpa mkate tu. LaVonne mwenyewe, LaVonne halisi, alikuwa kwenye kinanda cha kanisa la Kilutheri la kando ya mto, kiti alichokikalia miaka thelathini na mmoja. Alipiga kwenye harusi, alipiga kwenye mazishi, alipiga kwenye ubatizo wa watoto ambao baadaye alipiga kwenye harusi zao. Mumewe Curtis, dereva wa lori la kokoto, hakukipenda kinanda hicho. Alhamisi moja LaVonne alichelewa kurudi kutoka mazoezi ya kwaya, Curtis akamshika mkono wa kushoto, akaubana na mlango wa kabati la jikoni, akausukuma mlango kwa goti. Mkono ulivunjika mahali pawili.

Curtis alikaa jela miezi minane. Katika miezi hiyo LaVonne alirudi kwenye kiti chake, kwanza kwa mkono mmoja na miguu kwenye pedali, mkono wa pili ukiwa kwenye plasta, kisha vidole vya kushoto vikaanza kuamka kimoja kimoja. Alipokosea, waumini walishusha mwendo wakamsubiri. Hakuna aliyemwambia neno, maana watu wa huko hawasemi, lakini walimsubiri. Kufikia Krismasi alikuwa anapiga kama zamani, au karibu. Pale kwenye kiti ndipo mahali pekee duniani alipokuwa haogopi, na sasa mumewe alikuwa anatoka.

Ardis alimpigia Ijumaa moja ya mwezi wa pili, saa kumi na robo jioni. Theluji ilikuwa inakuja, nusu ya ofisi walishaondoka, naye alikuwa na koti begani.

"Nyumbani?" aliuliza.

"Ndiyo, andika," akasema LaVonne.

"Maktaba?"

"Ndiyo, kama haina shida."

"Haina shida. Watoto wa shule huna, tunaruka. Penginepo. Kanisani je?"

Kwenye simu Ardis alisikia redio ya jikoni kwa LaVonne ikisoma hali ya hewa.

"Aa, usijisumbue na hilo," akasema LaVonne. "Na yeye kabatizwa pale pale. Sitaki kuwapa watu taabu."

"Sawa. Uamuzi ni wako, LaVonne."

"Haya basi. Uendeshe polepole, barabara inateleza."

Ardis akaandika kwenye mstari wa nne: Kanisa, hapana. Akaongeza na maneno yenyewe, kama alivyofundishwa: "Sitaki kuwapa watu taabu." Akatia sahihi, akaitia karatasi kwenye trei ya jaji, akafunga vifungo vya koti.

Hakufanya kosa lolote, ukimsoma kwa kitabu cha ofisi. Kitabu kilisema hivi: mtu aliyepigwa amenyang'anywa kauli, basi wewe mrudishie. Akisema ndiyo ni ndiyo, akisema hapana ni hapana. Usimsukume, usimbembeleze, ukimbembeleza umekuwa mtu mwingine tena wa kumwambia la kufanya. Ni kanuni nzuri, na Ardis mwenyewe ndiye aliyewafundisha wafanyakazi wapya kanuni hiyo kila mwaka, akiwa amesimama mbele yao na chaki.

Jumatatu ya pili baada ya Curtis kutoka, Gordy Pelto alikuja kusimama kwenye meza yake. Gordy ndiye afisa wa probesheni aliyepewa Curtis, mtu mrefu, mcheshi, mwenye kula biskuti za wenzake bila kuomba. Siku hiyo hakugusa biskuti.

"Jana bwana wetu kaenda kanisani," akasema.

"Kanisa lipi?"

"Unajua lipi. Nukta yake kwenye ramani imekaa pale saa moja na dakika kumi na mbili. Kifaa hakikulia, maana hakuna aliyekiambia kilie."

Mama mkwe wa Gordy alikuwepo kanisani, na alikuwa ameshamsimulia yote. Curtis aliingia na shati lililopigwa pasi, akakaa benchi la nyuma kabisa, hakumsemesha mkewe, hakumsogelea. Watu walimpa mkono. Mchungaji alimwambia karibu tena nyumbani. Sasa, juu ya kinanda kile kuna kioo kidogo, cha kumwezesha mpigaji kuona madhabahu bila kugeuka. LaVonne aliinua macho katikati ya ubeti wa pili, akamwona mumewe kwenye kioo, na mkono wa kushoto ukaacha kupiga. Wa kulia ukafuata. Waumini walimalizia beti mbili wenyewe, bila kinanda, wakitazama vitabu vyao.

"Si nilimuuliza," akasema Ardis. "Nimeandika. Alisema hapana."

"Ulimuuliza mara ngapi?"

"Mara ngapi vipi?"

"Ardis." Gordy akavuta kiti akakaa. "Mimi babu zangu walitoka Finland, kwetu mtu akikataa amekataa, tunafurahi hatuna mgeni. Nyinyi wa asili ya Norwei mnauliza mara ngapi?"

Ardis akaweka kalamu chini. Swali alilielewa vizuri.

Maana watu wa Halden, na hasa wale wa asili ya Norwei kama Ardis na LaVonne, hawapokei kitu kwa mara ya kwanza. Ukimkaribisha mtu kahawa atakwambia, "Aa, usijisumbue." Hiyo ni salamu tu. Ukimkaribisha tena atasema, "Labda kama imeshapikwa." Mara ya tatu anasema nusu kikombe kinatosha, kisha anakunywa vikombe vitatu na kumaliza sahani ya keki. Anayekubali papo hapo ni mlafi au ni mtu wa Chicago. Na anayeacha kukaribisha baada ya ile ya kwanza, huyo hakulelewa. Ardis alilelewa. Mama yake Inga angeweza kumkaribisha mtu kahawa hadi mtu akaingia garini, akamfuata na kikombe hadi dirishani. Ardis aliyajua haya kabla hajajua kusoma, na Ijumaa ile, na koti lake begani, alimuuliza LaVonne Steig mara moja.

"Fomu ina mstari mmoja," akasema.

"Najua," akasema Gordy. Hakumtania tena siku ile.

Ardis alimpigia LaVonne mchana huo.

"Hujambo, LaVonne?"

"Si vibaya sana."

"Nimesikia Curtis alikuja."

"Ee, alikuja. Alikaa nyuma. Hakufanya kitu."

"Tunaweza kuomba kanisa liongezwe kwenye ile karatasi."

"Aa, sasa tena? Si itaonekana namfukuza mtu? Wote wameshampa mkono."

Na hapo ndipo Ardis alipouona ukubwa wa alichokifanya. Ile Ijumaa ilikuwa mstari kwenye karatasi, ungeandikwa kimya kimya na Curtis asingefika kabisa, na mji ungesema labda ana aibu. Sasa ilikuwa ni kumwondoa mtu benchini mbele ya macho ya watu mia mbili, na wa kunyoosha kidole ni LaVonne, mwanamke asiyeweza kumnyooshea kidole hata mbwa. Ardis akamuuliza tena, akaambiwa hapana. Akamuuliza mara ya tatu, akaona haya hadi masikio yakapata moto, na LaVonne akasema kwa sauti ndogo, "Kama inawezekana bila makelele, basi ningeshukuru."

Bila makelele haikuwezekana. Shauri lilisikilizwa Jumatano moja ya mwezi wa tatu. Watu kumi na mmoja wa kanisani walikuja na makoti yao, wengine kwa ajili ya LaVonne, wengine kwa ajili ya Curtis, wengi wao hawajui wamekuja kwa ajili ya nani. Curtis alikaa akitazama vidole vyake. Ardis alijipanua kama kawaida yake, ila siku hiyo hakujiona ukuta wa mtu yeyote. Wakili wa Curtis, kijana mwenye tai nyembamba, alitoa ile karatasi ya njano akausoma mstari wa nne kwa sauti, akasoma na sahihi.

"Ni mwandiko wako, Bi Kvam?" akauliza jaji.

"Ni wangu, Mheshimiwa."

Jaji alikuwa mtu wa mijini kusini, ana miaka miwili tu Halden, mtu mwema, msikivu. Akamgeukia LaVonne, akainama mbele kidogo asimtishe.

"Bi Steig, nataka nisikie kwako mwenyewe. Unataka mume wako azuiwe kwenda kuabudu kanisani kwake?"

LaVonne alisimama. Akawatazama wale kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa mama aliyemletea bakuli la viazi na nyama kila Jumatatu wakati mkono wake uko kwenye plasta, na mama huyo alikuwa amekaa karibu na Curtis.

"Sitaki kuwapa watu taabu, Mheshimiwa," akasema.

"Asante. Keti."

Mtetezi hasemi mahakamani bila kuulizwa, hiyo ndiyo sheria ya mahali pale. Ardis alisimama. "Mheshimiwa, naomba umuulize tena."

"Ameshajibu, Bi Kvam."

"Muulize tena, tafadhali. Watu wa huku—"

"Bi Kvam." Jaji hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nilipofika hapa ofisi yako ilinipa semina nzima kwamba kauli ya aliyeumizwa iheshimiwe. Nadhani ni wewe uliyeiendesha. Sasa mwanamke huyu amesema kauli ile ile mara mbili, kwako na kwangu. Mimi ni nani hata nimwambie hakumaanisha?"

Ardis alikaa. Yalikuwa maneno yake mwenyewe. Ombi likakataliwa, wote wakatoka nje kwenye baridi, na LaVonne akamshukuru kwa kujisumbua.

Jumapili iliyofuata LaVonne alimpigia mchungaji kusema mkono unamuuma. Na iliyofuata hivyo hivyo. Kufikia Pasaka walishamleta bwana mmoja na gitaa. Na Curtis, jamani, Curtis alijiunga na kwaya. Kwaya ilikuwa na upungufu wa sauti za chini, naye alikuwa na sauti ya chini nzuri, watu wakasema tazama mtu anavyoweza kubadilika. Hawakuwa watu wabaya. Walifurahi kumpata mmoja, na waliona wakimuuliza LaVonne kwa nini haji watakuwa wanamchimba.

Ardis kazini alianza kuuliza kila kitu mara tatu. Mkuu wa ofisi alimwita akamwonya kwamba anawasukuma waathirika, akaliandika onyo kwenye faili lake, la kwanza katika miaka kumi na tisa. Ardis alilisoma, akalitia sahihi, akarudi mezani akaendelea kuuliza mara tatu. Wawili kati ya wale aliowauliza walibadilisha jibu. Hilo halikumsaidia LaVonne Steig kitu.

Mwezi wa tano akasikia nyumba ya LaVonne imeuzwa, na mwenyewe anahamia kwa dada yake, huko Dakota. Jumamosi asubuhi Ardis alioka sahani ya vipande vya keki ya shayiri na chokoleti, vikaungua pembeni kama kawaida yake, akaenda hivyo hivyo. Sebule ilikuwa tupu. Vitabu vya nyimbo vilikuwa kwenye maboksi mawili karibu na mlango, vimefungwa kamba. Walikaa jikoni kwenye viti vya kukunja, LaVonne akamimina kahawa, wakazungumza habari za dada yake, za barabara, za mvua kuchelewa. Kabati halikuwa na mlango upande mmoja. Ardis alijitahidi asiangalie huko.

Alikuwa amejipanga. Njia nzima ndani ya gari alikuwa amejiambia: nitamuuliza, atasema hapana, nitamuuliza tena, atasema hapana, nitauliza na ya tatu, na hata ya nne ikibidi, sitaondoka.

"LaVonne," akasema, "umenikasirikia?"

"Ndiyo," akasema LaVonne.

Alisema papo hapo, bila kusita, kikombe kikiwa mkononi. Ardis aliyekuwa na maneno ya mara ya pili na ya tatu akabaki nayo mdomoni.

"Curtis nilimjua," LaVonne akaendelea, kwa sauti yake ile ile ya kupanga vitabu. "Curtis ningemtegemea nini? Nimekaa naye miaka thelathini na minne. Lakini Ijumaa ile uliponipigia nilifurahi. Nilijiambia, ni Ardis wa Inga, huyu ni mtu wetu, huyu haitanibidi nimwombe. Nilisema hapana nikakaa na simu sikioni nikingoja. Ukasema uamuzi ni wangu. Nilikaa na simu ile mkononi muda mrefu baada ya wewe kukata. Nikasema labda atapiga tena Jumatatu."

"Nilipaswa kupiga," akasema Ardis.

"Sikupiga mimi pia. Najua. Na jaji aliponiuliza ningeweza kusema ndiyo, ni neno dogo. Nimejilaumu kwa hilo vya kutosha, wala sihitaji msaada." Akaweka kikombe chini. "Mkono wangu umepona, Ardis. Ninaweza kupiga chochote. Dada yangu hana hata piano."

Ardis alisema, "Nisamehe." Alilisema mara moja tu.

Kwa watu wa kule, ukimkanyaga mtu kidole, ukamwagia kahawa mapajani, ukamgonga ng'ombe wake na gari, atakwambia si kitu. Wanakwambia si kitu kabla hujamaliza kuomba msamaha. Ni neno linalotoka lenyewe, kama chafya, na Ardis alikuwa amelisikia maisha yake yote bila hata kulisikiliza. Alikaa pale kwenye kiti cha kukunja akilingoja. LaVonne alitazama nje dirishani, akatazama saa, akainuka akasuuza vikombe viwili, akavifunga kwenye gazeti, akavitia kwenye boksi na vyombo vingine.

"Lori linakuja saa tano," akasema.

Ardis akamsaidia kubeba maboksi ya nyimbo hadi kibarazani, moja moja, maana yalikuwa mazito, kisha akaingia garini kwake akaondoka.